Bustani ya Nyumbani: Msanapichi, mti wa uwanja mdogo

Kwa majuma kadhaa safu hii imekuwa ikizungumza juu ya mambo ya chunguni: mchicha, sukumawiki, vitunguu na nyanya. Hayo ni mambo ya lazima, nasi tutayarudia. Lakini nyumba haipendezi kwa chungu peke yake. Leo twataka kuzungumza juu ya mti usioliwa, usiochomwa makaa wala kupasuliwa mbao. Hupandwa kwa ajili ya maua yake, harufu yake na kivuli chake chepesi, nao unaweza kukaa kwa amani katika uwanja mdogo wa nyumba ya askari. Mti huo ni msanapichi.

Jina hilo ni la watu wa pwani. Huku kwetu Uganda wengi huujua mti huu kwa sura kuliko kwa jina, na wengine huuita franjipani, kama walivyouita Waingereza. Matawi yake ni manene, laini, ya rangi ya kijivu, na ukiyakata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Majani ni marefu, nayo hukusanyika kwenye ncha za matawi. Maua yana petali tano zilizojipinda kidogo. Yako meupe yenye moyo wa manjano, yako ya waridi, na yako mekundu. Jua likitua, harufu yake huzidi, hata mtu apitaye njiani hugeuza uso kutazama inatoka wapi.

Kabla ya kueleza namna ya kuupanda, hapana budi tujibu swali ambalo bila shaka limekwisha kuwajia wengi. Mtu atasema: "Mimi nakaa katika nyumba ya serikali. Leo nipo Mbarara, kesho naweza kuamriwa kwenda Moroto. Nipande mti wa nini, na kwa faida ya nani?" Swali hili ni la haki. Familia nyingi za askari na polisi zimekaa katika nyumba tano au sita ndani ya miaka kumi, na kila mara zimeacha nyuma kila kitu kisichoingia ndani ya lori. Basi tumeuchagua msanapichi kwa sababu mbili: kwanza hauzidi kipimo cha uwanja, na pili ni mti unaoweza kuhama pamoja na wenyewe. Tutazieleza zote mbili kwa zamu.

PIMA UWANJA KWANZA

Chukua hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye njia, kisha kutoka ukuta wa nyumba yako mpaka mpaka wa jirani. Katika kambi nyingi hutapata zaidi ya mita nne kwa tano. Ndani ya kipande hicho mna kamba ya kuanikia nguo, sigiri ya kupikia, jerikeni za maji, na watoto wanaotaka mahali pa kuchezea. Nafasi inayobaki ni ndogo, na mti utakaowekwa hapo utakaa miaka mingi.

Makosa yanayoonekana mara nyingi ni haya: mtu huokota mche wowote alioupata, akauchomeka karibu na dirisha. Mwembe ni mti mwema, lakini ukikomaa hufunika nyumba mbili. Mkalitusi hukua upesi, hunyonya maji mengi, na matawi yake huweza kukatika kwa upepo. Mkrismasi wenye maua mekundu hupendeza sana, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kunyanyua sakafu na kuta zilizo karibu. Mvule ni mfalme wa msituni, nao huweza kupita mita 30. Mahali pake si mbele ya chumba na sebule. Miti hiyo yote ina mahali pake, kando ya uwanja wa gwaride au shuleni. Ikipandwa mahali pasipofaa, mwisho wake ni shoka, na mti uliokatwa baada ya miaka minane ni kazi iliyopotea.

Msanapichi wa kawaida ukiachwa ukue utakavyo hufikia mita tano hadi nane. Lakini hukua polepole, aghalabu chini ya nusu mita kwa mwaka, nao hukubali kupunguzwa bila kinyongo. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuuweka katika urefu wa mita tatu kwa miaka yote. Mizizi yake haina nguvu ya kupasua kuta wala mabomba. Matunda yake ni machache sana, hivyo hayatarundikana mlangoni yakaoza na kuvuta inzi.

AINA TATU ZA KUCHAGUA

Aina ya kwanza ndiyo tuliyokwisha kuieleza, yenye majani yaliyochongoka na maua ya rangi mbalimbali. Aina hii huangusha majani yake wakati wa kiangazi, ikabaki na matawi matupu kana kwamba imekufa. Mgeni asiyeijua huweza kuing'oa kwa kudhani ni kuni. Haijafa, imepumzika, na mvua zikikaribia huchipua tena. Katika sehemu za karibu na Ziwa Victoria, ambako mvua haziishi kwa muda mrefu, huenda isivuliwe majani yote.

Aina ya pili ina majani yenye ncha ya mviringo, yanayong'aa, na maua meupe. Hii hukaa na majani karibu mwaka mzima, kwa hiyo yamfaa mtu anayetaka kivuli hata katika miezi ya jua kali. Aina ya tatu ni nyembamba kuliko zote, yenye majani yaliyopanuka nchani mfano wa kijiko, na maua meupe mengi. Haipandi sana juu wala haijitanui, lakini harufu yake ni hafifu au haipo kabisa. Mwenye uwanja wa mita mbili tu na achague hii. Mwenye kupenda manukato na achague ya kwanza.

Asili ya miti hii si Afrika. Ilitoka Meksiko, nchi za Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Jina lake la kitaalamu, Plumeria, lilitokana na mtawa wa Kifaransa, Charles Plumier, aliyezaliwa mwaka 1646 na kufa mwaka 1704, ambaye alisafiri mara tatu kwenda visiwa hivyo kuchunguza mimea. Baadaye mti ulisambazwa katika nchi zote za joto, ukapokewa kama mwenyeji. Nchi ya Nicaragua imelifanya ua lake kuwa ua la taifa, na Laos vilevile, ingawa nchi hizo mbili zimetengwa na bahari kubwa. Basi huu ni mti uliozoea safari tangu zamani.

KUPATA KITAWI

Huna haja ya kununua mche. Msanapichi huota kutokana na kitawi kilichokatwa, tena kwa urahisi. Mbegu nazo huota, lakini mti utokao katika mbegu huweza kuwa na maua tofauti na ya mama yake. Kitawi hakibadiliki: ukikata kwenye mti wenye maua ya waridi utapata maua ya waridi.

Wakati mzuri wa kukata ni mwisho wa kiangazi, mti unapokuwa umepumzika. Katika sehemu za kusini, zenye misimu miwili ya mvua, kata mwezi wa Februari, au mwezi wa Julai na Agosti. Kaskazini, ambako mvua huanza mnamo Aprili, kata mwezi wa Machi. Mwombe mwenye mti ruhusa. Hapana jirani atakayekunyima, kwani mti wake hautadhurika.

Chagua tawi lililokomaa, la rangi ya kijivu, lenye unene wa kidole gumba au zaidi. Tawi la kijani bado ni changa, na huoza upesi. Urefu uwe kati ya sentimita 30 na 45, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole vya mtu mzima. Tumia kisu kikali na safi, ukate mara moja bila kuchanachana gamba. Ondoa majani yote na maua yote.

Sasa lije jambo ambalo wengi hulikosea kwa haraka zao. Usikipande kitawi siku hiyo hiyo. Kilaze mahali pakavu penye kivuli, kama vile chini ya upenu au juu ya kabati, kwa siku kumi hadi kumi na nne. Utomvu utakauka, na pale palipokatwa patafunga kama kidonda kilichopona. Kitawi kilichopandwa kikiwa kibichi hunyonya maji ya udongoni, kikaoza kuanzia chini, na mwenyewe akadhani mkono wake hauna baraka. Kosa halikuwa la mkono, ila la haraka.

KUPANDA NA KUNGOJA

Waweza kupanda moja kwa moja ardhini, au kuanzia katika mkebe wa mafuta ya kupikia au karai lililochakaa. Toboa matundu chini ya chombo ili maji yapite. Changanya udongo na mchanga, sehemu sawa kwa sawa, ukaongeza konzi moja ya samadi iliyooza vizuri. Chomeka kitawi kwa kina cha sentimita nane hadi kumi, shindilia udongo pande zote, kisha kifunge kwa kamba laini kwenye kijiti kilichosimama imara. Kitawi hakina mizizi, na kikitikiswa na upepo au na kuku, mizizi midogo inayoanza kutoka hukatika.

Mwagilia mara moja, kisha uache udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Baada ya mwezi mmoja au miwili utaona majani yakichomoza nchani. Usifurahi mno ukaanza kumwaga maji kwa jerikeni. Majani huweza kutoka kwa nguvu iliyokuwamo ndani ya kitawi, ilhali mizizi bado haijashika. Ngoja mpaka majani yawe makubwa, ndipo uhesabu kwamba mti umekubali. Kisha uhamishie ardhini mvua zinapoanza.

Mahali pa kudumu pachaguliwe kwa uangalifu. Pawe na jua la saa sita kwa siku, la sivyo utapata majani bila maua. Pawe mbali na ukuta kwa mita mbili, pasiwe chini ya nyaya za umeme, na pasiwe mahali maji ya kufulia yanapotuama, kwa sababu msanapichi huvumilia ukame lakini hauvumilii miguu iliyolowa. Ikiwa udongo ni wa mfinyanzi, inua tuta na uupande juu yake. Nyumba ikiwa ni ya kambi, mwombe ruhusa afisa anayesimamia nyumba kabla ya kuchimba. Huenda bomba limepita hapo, naye ndiye ajuaye.

Kwa nchi za baridi kama Kabale, upande mahali penye joto, karibu na ukuta unaopokea jua la mchana, na uwe na subira, kwa kuwa huko hukua polepole zaidi. Kwa Karamoja na sehemu nyingine kavu, huu ni mti wa kutegemewa, maana huhifadhi maji ndani ya matawi yake manene.

UTUNZAJI WA KILA MWAKA

Mti uliotokana na kitawi huweza kutoa maua katika mwaka wa pili au wa tatu, na mara nyingine mapema kuliko hapo. Maua hutoka kwenye ncha za matawi. Baada ya kuchanua, ncha hiyo hugawanyika ikawa matawi mawili au matatu, na hivyo ndivyo mti unavyojijenga wenyewe kama mwavuli.

Ukitaka mti mfupi na mpana, kata ncha za matawi mwisho wa kiangazi. Kila palipokatwa patachipua matawi mapya, ingawa maua ya msimu huo yatapungua kwenye matawi uliyokata. Kwa hiyo usikate yote kwa wakati mmoja; punguza nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao. Vipande vilivyokatwa usivitupe; ni miche ya majirani.

Samadi konzi mbili au tatu mwanzoni mwa mvua yatosha. Mbolea ikizidi, mti huwa na majani makubwa na maua machache. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, lakini zisiliguse.

Adui zake si wengi. Ukiona unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, huo ni ugonjwa wa kutu. Okota majani yote yaliyoanguka uyachome, na usimwagilie maji juu ya majani. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, hao ni vidung'ata. Wafute kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, na urudie kila baada ya siku nne mpaka waishe. Tawi likilegea na kuwa laini kama ndizi iliyoiva, limeoza. Likate mpaka ufikie sehemu nyeupe na ngumu.

HADHARI KWA WENYE WATOTO

Utomvu wa msanapichi huwasha ngozi ya watu wengine, na ukiingia machoni huumiza sana. Anayekata matawi na ajiepushe kugusa uso, kisha anawe kwa maji mengi na sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi mara moja na umpeleke mgonjwa zahanati. Watoto wakatazwe kutafuna majani au vijiti vyake, wala visitumiwe kuwa mswaki. Pia wakatazwe kupanda juu yake. Matawi yaonekana manene kama mkono wa mtu, lakini ni laini ndani, nayo hukatika bila kulia kwanza.

MTI WA MAKABURINI?

Wapo wazee wasiopenda msanapichi mlangoni kwa sababu wameuona makaburini. Ni kweli kwamba pwani huonekana penye makaburi, na katika Indonesia na Malaysia desturi hiyo imeenea sana. Huko India hupandwa penye mahekalu. Sababu zake zaeleweka: mti huu hauhitaji mtunzaji, hustahimili ukame, na maua yake huanguka yakiwa bado mazima, yakaipamba ardhi bila mtu kuyachuma. Watu waliupanda kwa wafu wao kwa kuwa waliwapenda. Hata hivyo, mwenye mama mkwe ndani ya nyumba na amwulize kwanza. Amani ya nyumba ni bora kuliko ua.

SIKU YA UHAMISHO

Sasa tulijibu swali la mwanzo. Amri ya uhamisho ikifika, nyumba hukabidhiwa kama ilivyo, na mti ni sehemu ya mahali. Usiung'oe na usiukate kwa uchungu. Aliyepanda mwarobaini unaokupa kivuli leo naye alihamishwa, wala hakuja na shoka siku ya kuondoka. Mwache mwenzako anayekuja akute maua mlangoni, na watoto wake wakute mahali pa kukaa.

Lakini kata vitawi viwili au vitatu. Vifunge katika gazeti kuukuu, uviweke pamoja na sufuria na magodoro. Havihitaji maji wala udongo. Hukaa hai kwa majuma kadhaa, na siku za safari ndizo siku zake za kukauka. Mimea mingi hufa kwa kukawia njiani, lakini kitawi hiki hufaidika. Ukifika kituo kipya, kabla hujajua duka li wapi na shule i wapi, chomeka kitawi katika mkebe mbele ya mlango. Mtoto aliyeacha rafiki zake Jinja atakuwa na kitu kimoja alichokijua kabla ya Gulu.

Jambo hili lina uzito zaidi ya pambo. Mume anapokwenda kikosini mbali kwa muda mrefu, mama hubaki peke yake na watoto, na siku huwa nyingi. Mti uliopandwa siku ya kuondoka kwake huwapa watoto kitu cha kuonyesha siku ya kurudi. Tena ipo siku ambayo kila familia ya askari haina budi kuifikiria: siku ya kustaafu, au, Mungu apishe mbali, siku ya msiba, ambapo nyumba ya serikali hurudishwa na familia huondoka moja kwa moja. Siku hiyo hakuna ukuta wala bati litakalowafuata. Kitawi kitawafuata. Kikipandwa katika kiwanja chenu wenyewe, hata kama nyumba haijapanda juu ya msingi, mti ulioanzia kambini utaendelea palepale ulipoishia, wenye maua yale yale na harufu ile ile.

Kwa hiyo tunashauri kila nyumba yenye kiwanja kijijini, hata kiwe kidogo namna gani, ipeleke kitawi kimoja huko mapema, wakati bado mko kazini. Miaka itakwenda, na siku mtakapofika kukaa mtakuta mti umekwisha tangulia.

Juma lijalo tutarudi chunguni, tueleze namna ya kutengeneza mboji kutokana na maganda ya ndizi na takataka nyingine za jikoni, katika shimo lisilotoa harufu mbaya. Mpaka hapo, tunawatakieni bustani njema na nyumba zenye amani.